Vifaa vya Kuvaliwa na Ufuatiliaji wa Mgonjwa Nyumbani katika Pwani ya Tanga

Kifaa cha kuvaliwa cha kumfuatilia mgonjwa ni chombo kidogo chenye vihisi, yaani sehemu zinazogeuza hali ya mwili kama vile joto, mapigo ya moyo au mwendo kuwa tarakimu, ambacho hufungwa mkononi, kifuani au kiunoni ili maendeleo ya mtu aliyeruhusiwa kutoka hospitali yaendelee kujulikana akiwa kwake. Vifaa vingi vya aina hii vimebuniwa kwa ajili ya nchi ambako gari la wagonjwa halikai mbali, umeme haukatiki mara kwa mara na hospitali ina mtu anayelipwa kwa kazi ya kupokea taarifa na kuzijibu. Uchambuzi huu unahusu namna kifaa kama hicho kinavyoweza kutengenezwa kikafaa katika mkoa wa Tanga, kuanzia Jasini na Moa karibu na mpaka wa Kenya hadi Mkwaja, ng'ambo ya mto Pangani, na unashikilia kwamba wabunifu wengi huanzia upande usiofaa: hushughulikia kwanza mkanda na saketi zake, ilhali kinachoamua kama mgonjwa atanusurika ni yule anayepokea taarifa, pamoja na uwezo alio nao wa kufanya jambo baada ya kuipokea.

Haja yenyewe haina ubishi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, iliyo jijini Tanga, hupokea wagonjwa kutoka wilaya za pwani na za bara pia, na mama aliyejifungua kwa upasuaji akitokea kijiji cha wilaya ya Pangani au Mkinga hurudi kwao siku chache baadaye akiwa na kidonda kibichi, dawa za kumeza na maelezo aliyopewa kwa mdomo, kisha huenda asionekane tena na mtaalamu wa afya mpaka siku ya kurudi kliniki, au mpaka kidonda kitoe usaha. Uchunguzi mkubwa wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 11,000 katika hospitali 247 za nchi 25 na kuchapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet, ulionyesha kwamba takriban wagonjwa 2 katika kila 100 walifariki wakiwa hospitalini, kiwango kilicho mara mbili ya wastani wa dunia ingawa wengi wao walikuwa vijana na wenye afya nzuri kuliko wagonjwa wa mabara mengine, na kwamba zaidi ya tisa ya kumi ya vifo hivyo vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Takwimu zilizotolewa mwaka 2019 kutokana na uchunguzi huohuo zilionyesha kuwa wanawake wapatao 5 katika kila 1,000 waliofanyiwa upasuaji wa kujifungua walifariki, kiwango kinachokaribia mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Mtu akisoma takwimu hizo hufikia haraka hitimisho moja, kwamba wagonjwa hufa kwa sababu hawatazamwi vya kutosha, na kwa hiyo dawa ni kuwatazama zaidi.

Hitimisho hilo lilijaribiwa na watafiti walewale. Katika jaribio lililofanyika kwenye hospitali 332 za nchi 28 na kuchapishwa mwaka 2021, wagonjwa walioonekana kuwa na hatari kubwa baada ya upasuaji waliwekewa utaratibu wa kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwa mfano kulazwa kwenye kitanda kinachoonekana na muuguzi, kupimwa mara nyingi zaidi na kuruhusiwa kukaa na ndugu wodini. Vifo havikupungua. Jambo hilo linapaswa kumfikirisha kila anayetaka kutengeneza kifaa cha nyumbani, kwa kuwa ikiwa macho ya ziada ndani ya hospitali, hatua chache kutoka chumba cha upasuaji, hayakutosha kubadili matokeo, haiwezekani kudhani tu kwamba macho ya kielektroniki yaliyo kilomita nyingi kutoka hospitalini yatatosha.

Historia ya vifaa hivi ni ya kupungua uzito zaidi kuliko kubadilika kwa wazo. Mmarekani Norman Holter alipoanza, mwishoni mwa miaka ya 1940, kurekodi umeme wa moyo wa mtu anayetembea, mtambo wake ulibebwa mgongoni na ulikuwa na uzito wa kilo 38 hivi. Leo kazi hiyo hufanywa na kipande kinachobandikwa kifuani. Oksimita, yaani kipimo cha oksijeni katika damu kinachobanwa kidoleni, inatokana na ugunduzi wa mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kanuni yake ni kwamba damu yenye oksijeni ya kutosha hunyonya mwanga mwekundu kwa kiasi tofauti na inavyonyonya mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, kwa hiyo kifaa hupitisha mianga yote miwili katika kidole, hutazama sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka kufuatana na mapigo ya moyo, na kutokana na uwiano wa mianga hiyo miwili hukadiria oksijeni iliyomo.

Neno la kuzingatia hapo ni kukadiria. Mwanga haupiti katika damu peke yake, bali hupita pia katika ngozi, na melanini, ile rangi inayoifanya ngozi kuwa nyeusi, nayo hunyonya mwanga. Mwishoni mwa mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha ulinganisho wa oksimita na vipimo vya damu iliyotolewa mshipani, wakaonyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao oksimita iliwasomea kiwango cha kuridhisha, waliokuwa na upungufu hatari uliofichika walikuwa asilimia 3.6 kwa wagonjwa weupe na asilimia 11.7 kwa wagonjwa weusi. Kifaa kilichosahihishwa kiwandani kwa kutumia watu weupe, kisha kikafungwa mkononi mwa mvuvi wa Kigombe, kinaweza basi kutangaza usalama usiokuwepo, na kosa la namna hiyo ni baya kuliko kukosa kipimo kabisa kwa sababu humwondolea mgonjwa na ndugu zake wasiwasi ambao ungewafanya wachukue hatua. Ukanda wa pwani unaongeza ugumu wake: piko iliyokolea kwenye vidole huuzuia mwanga, na vihisi vya kifundo cha mkono, ambavyo hutegemea mwanga unaorudi badala ya ule unaopita upande wa pili, huvurugwa na kila mjongeo. Kwa sababu hizo inaonekana busara kutoiweka oksijeni katika kifaa cha kuvaliwa cha nyumbani hata kidogo, na badala yake kuiacha ipimwe kidoleni na mhudumu anapomtembelea mgonjwa.

Ni kipi basi kipimwe? Jibu zuri zaidi limetoka katika hospitali ya wamisheni ya Kitovu, Masaka, nchini Uganda, ambako watafiti walitafuta dalili chache zinazotabiri kifo cha mgonjwa anayepokelewa, wakapata alama ya tathmini inayotumia mambo matatu tu: kama fahamu za mgonjwa zimebadilika, kiwango chake cha oksijeni, na kama anaweza kutembea bila msaada. Mambo mawili kati ya hayo hayahitaji kifaa chochote, na la mwisho linaweza kufuatiliwa na kihisi cha mwendo, chombo cha bei nafuu kinachopima mabadiliko ya kasi katika pande tatu na ambacho hutumia umeme kidogo mno. Mama aliyekuwa akinyanyuka na kutembea zaidi kila siku baada ya upasuaji, kisha siku ya sita akalala mchana kutwa, ametoa taarifa hata kabla ya homa kupanda. Kihisi hichohicho, kikikaa tumboni au kifuani, huweza kuhesabu pumzi za mtu aliyelala kwa kufuata kupanda na kushuka kwa kifua, na upumuaji wa haraka ni miongoni mwa dalili za mapema za maambukizi yaliyoenea mwilini, ingawa wodini ndiyo dalili inayopimwa kwa uvivu kuliko zote.

Mahali pa kukiweka kifaa ni suala ambalo mhandisi akilisoma kwenye kompyuta hulimaliza kwa dakika moja, ilhali katika nyumba za pwani lina mambo mengi. Mzazi hukaa ndani siku arobaini akihudumiwa na mama yake au na mwanamke mzoefu, hukandwa kwa maji ya moto, na tumbo lake hufungwa mkaja ili lirudi. Kukandwa kunamaanisha kwamba kifaa lazima kistahimili maji, au kivuliwe na kurudishwa bila ufundi, na kwamba kihisi cha joto la ngozi kitatoa homa ya uongo kila asubuhi mpaka programu ifundishwe kuitambua saa hiyo. Mkaja, kwa upande wake, ungeweza kuwa makazi ya kihisi pasipo kumtwisha mama kitu kigeni, lakini kwa aliyepasuliwa haufai kukaza juu ya mshono, hivyo mkanda wa juu, chini ya kifua, ndio salama. Kifundo cha mkono kina tatizo jingine, kwamba kitu cheusi kilichofungwa hapo huonekana na kila mpita njia, na katika nyumba ya vyumba vingi ya Ngamiani au Makorora, yenye ukumbi mmoja na wapangaji mbalimbali, kifaa kinachoonekana huzua maswali, wengine wakikidhania hirizi na wengine dalili ya ugonjwa wa kuficha. Kuna pia jasho na hewa ya chumvi. Miezi ya kaskazi, gundi ya vibandiko vya kifuani huachia mapema na ngozi huwasha, na sehemu za chuma zisizofunikwa huliwa na kutu, jambo ambalo mafundi wa simu wa Tanga wanalijua vizuri kuliko vitabu vya maelekezo vya watengenezaji.

Kuhusu umeme na mtandao hakuna haja ya maneno mengi, kwa kuwa hesabu yake ni rahisi. Betri ndogo ya miliampia-saa 200, kwenye kifaa kinachotumia wastani wa miliampia 1, hudumu saa 200, yaani siku nane na kidogo. Kifaa hichohicho kikitakiwa kutuma data moja kwa moja kwenye mnara wa simu muda wote, betri hiyo huisha kabla ya siku kwisha. Kwa hiyo kifaa kipime kwa vipindi, kihifadhi chenyewe, kisha kipitishe muhtasari kwa bluetooth, mawasiliano ya redio ya masafa ya mita chache, hadi kwenye simu ya nyumbani au ya mhudumu, na muhtasari huo usafiri kama ujumbe mfupi wa maandishi, ambao herufi zake 160 zinatosha kabisa kubeba hali ya mgonjwa ya siku nzima na hufika hata mahali ambapo intaneti inasuasua.

Ugumu wa kweli huanza pale taarifa inapofika. Ubora wa kipimo chochote cha kugundua ugonjwa hutazamwa kwa mambo mawili: unyeti, ambao ni uwezo wa kuwanasa wanaoumwa, na umahususi, ambao ni uwezo wa kutowasumbua wasioumwa. Ichukuliwe kwa mfano kwamba akina mama 1,000 wameruhusiwa, 50 kati yao watapata maambukizi, na kifaa kina unyeti wa asilimia 90 na umahususi wa asilimia 90, viwango ambavyo mbunifu yeyote angejivunia. Kitawanasa 45 kati ya 50, lakini kati ya 950 walio salama kitawapigia kengele 95. Kengele 140 zimelia na zilizo za kweli hazifiki theluthi, tena hiyo ni kwa kupima mara moja, ilhali kifaa hupima kila siku. Muuguzi wa zamu anayepokea kengele hizo akiwa na wodi iliyojaa atafanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya, yaani baada ya juma la pili ataacha kuitazama skrini, na wala hatastahili lawama.

Majaribio ya nchi tajiri yanathibitisha kwamba tofauti huletwa na upande huo wa upokeaji. Nchini Marekani, wagonjwa 1,653 waliotoka hospitali kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi waligawanywa makundi mawili, moja likitakiwa kupiga simu kila siku kwenye mfumo wa sauti unaojiendesha na kueleza dalili na uzito wao; matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalikuwa kwamba waliolazwa tena au kufariki ndani ya siku 180 walikuwa asilimia 52.3 katika kundi la ufuatiliaji na asilimia 51.5 katika kundi la kawaida, yaani hakuna faida. Nchini Ujerumani, jaribio la wagonjwa 1,571 wa ugonjwa huohuo, lililochapishwa mwaka 2018, lilipata vifo 7.9 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka dhidi ya 11.3. Vipimo vya nyumbani kwa Wajerumani havikuwa vya ajabu. Kilichotofautiana sana ni kituo cha madaktari na wauguzi kilichofanya kazi saa 24, chenye mamlaka ya kubadili dawa au kumwita mgonjwa usiku huohuo.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake. Kifaa kiitwacho Moyo, kinachofungwa tumboni kwa mama ili kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto wakati wa uchungu, kilitengenezwa na Laerdal Global Health ya Norway kwa kushirikiana na wataalamu wa Tanzania, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ikiwa miongoni mwa washirika. Majaribio yaliyofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba Moyo hugundua kasoro za mapigo mara nyingi zaidi kuliko pembe ya kusikilizia, lakini hayakuonyesha tofauti dhahiri katika uhai wa watoto; kugundua kasoro peke yake hakumleti daktari wa upasuaji aliye mbali. Kampuni ya Neopenda, yenye chimbuko katika Chuo Kikuu cha Columbia, ilitengeneza mkanda wa paji la uso la mtoto mchanga baada ya kufanya kazi na wahudumu wa Uganda, ukimwezesha muuguzi mmoja kuwaona watoto wengi kwenye skrini moja. Ni kifaa kizuri, ila hutumika pale ambapo muuguzi yuko chumba kimoja na mtoto, na hilo halilingani hata kidogo na mama aliye Mkwaja na muuguzi aliye Bombo.

Kwa upande mwingine, simu ya kawaida imefanya vizuri kuliko inavyosifiwa. Tafiti za Thika, Kenya, mwaka 2013, na Dodoma mwaka 2017, zililinganisha kumpigia simu mama aliyejifungua kwa upasuaji na kumchunguza ana kwa ana, na zote mbili zilionyesha kwamba maswali machache kwa simu hugundua takriban saba ya kumi ya maambukizi ya kidonda huku yakiwa nadra sana kumtuhumu asiyeumwa. Kwa hesabu ya kengele iliyotolewa hapo juu, umahususi kama huo ni hazina. Kazi ya kifaa cha kuvaliwa Tanga inapaswa kupangwa kutokea hapo: kisishindane na simu, bali kiamue nani apigiwe leo badala ya kesho, na kiwanase baadhi ya wale watatu wa kumi ambao simu huwakosa.

Mnyororo wa kujibu nao hauanzii sifuri. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, uliojaribiwa Shinyanga kabla ya kuanza kuenezwa nchini mwaka 2022, huwawezesha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga kupata usafiri kwa kupiga namba 115 bila malipo, na mahali ambapo gari la wagonjwa halipo huwatumia madereva wa jamii wanaolipwa kwa simu. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Mambo hayo mawili yanampa mama aliyejifungua kwa upasuaji kile ambacho mgonjwa wa kiharusi au wa moyo hana bado: mtu wa kumwendea mlangoni na chombo cha kumpeleka hospitali. Ndiyo maana kundi la kwanza la kufanyiwa kazi ni hilo, hata kama kwa mhandisi moyo na kiharusi vina vihisi vya kuvutia zaidi.

Sheria imeshatangulia kifaa. Chombo kinachodai kugundua ugonjwa ni kifaa tiba na husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kinachorusha mawimbi ya redio huingia mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Na data za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na inayosimamiwa na Tume yake. Lipo hata hivyo jambo ambalo sheria haiwezi kulimaliza yenyewe: simu inayopokea muhtasari mara nyingi ni ya mume au ya kaka, na mama aliyeridhia hospitali ijue mwenendo wake hakuridhia kwa hilo kwamba mwenye simu ajue lini alitoka nje na lini alilala. Kifaa kizuri kitaionyesha simu ya nyumbani kuwa ujumbe umetumwa tu, na kubakiza tarakimu kwa mhudumu.

Mahali pa kutengenezea napo si Dar es Salaam pekee. Tanga ina kituo cha STEM Park, ambako vijana hujifunza saketi na programu, na mkoa una historia ndefu ya utafiti wa tiba kupitia taasisi ya taifa ya utafiti huo, NIMR, yenye vituo Tanga na Amani. Historia hiyo ina funzo lake lenye uchungu. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa miongoni mwa hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda zilizoshiriki jaribio la kuwaongezea maji ya haraka mshipani watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, tiba ambayo wakati huo ilihesabiwa kuwa wema usiohitaji uthibitisho. Matokeo ya mwaka 2011, kutoka kwa watoto 3,141, yalionyesha kwamba ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyopewa maji hayo, na asilimia 7.3 katika kundi ambalo halikupewa.

Kifaa cha kuvaliwa kinastahili kupimwa kwa ukali huohuo, kwa kuligawa kundi la akina mama kwa bahati nasibu, wengine wakipigiwa simu tu na wengine wakipigiwa simu pamoja na kuvaa kifaa, na kwa kuhesabu waliopona, gharama za nauli zilizotumika bure na kengele zilizopuuzwa. Wafadhili na wabunifu watakaokuja Bombo na mikanda yao waulizwe kwanza bajeti ya mishahara ya watakaopokea simu usiku. Wasiokuwa nayo warudi watakapokuwa nayo.